Yule Mwarabu wa Ufuoni Ana Jina Gani?

Mpwa wangu alipokuja likizo kutoka chuoni Nairobi, alikuja na maradhi mapya. Mchana kutwa vidude vimo masikioni, usiku anakaa na daftari kunakili maneno ya nyimbo, na jioni akikutana na wenziwe watatu wa mtaa wetu wenye maradhi yayo hayo, baraza huwa haina habari nyingine ila ya bendi moja ya Uingereza iitwayo The Cure. Si mpira, si siasa. Mimi ni mtu wa udi na fidla, na roki ya kizungu huisikia kama mtu anayepiga bati kwa hasira. Lakini kazi ya mwandishi wa ukurasa kama huu ni kusikiliza wanachosikiliza watu, basi nami nikavuta mkeka nikaketi.

Nilichokiona kwanza kilinifurahisha. Vijana hawa hawazichezi nyimbo hizo, wanazisoma. Walianzia mwisho, kwa albamu ya Songs of a Lost World iliyotoka tarehe 1 Novemba 2024, baada ya bendi kukaa miaka 16 bila ya kutoa albamu mpya. Ina nyimbo 8 tu, na kilio ndani yake ni kingi, kwani mtungaji na mwimbaji wao, Bw. Robert Smith, amefiwa na wazazi wake na kaka yake. Pamoja na majonzi yote hayo, mzee huyo wa miaka 65 alishika nafasi ya kwanza Uingereza akawaacha nyuma vijana wa umri wa wajukuu zake. Kutoka hapo wapenzi hawa wa barazani wakawa wanarudi nyuma ngazi kwa ngazi: Disintegration ya 1989, The Head on the Door ya 1985, Faith ya 1981, mpaka Three Imaginary Boys ya 1979. Kila albamu wanayoivumbua huipokea kana kwamba imetoka jana.

Bendi yenyewe ilizaliwa Crawley, mji ulio kusini ya London usio na sifa kubwa, na walioianzisha walikuwa vijana wa shule. Santuri yao ya kwanza haikutolewa na kampuni kubwa. Ilitolewa Desemba 1978 na Small Wonder, kampuni ndogo ya London iliyoanzia katika duka la santuri. Zama zile ndipo ilipokuwa ikikua mila ya roki ya kujitegemea, yaani wanamuziki kutoa kazi zao kwa vikampuni vidogo bila ya kuwapigia magoti wakubwa. Mashabiki wake nao, kwa kuwa redio kubwa hazikuwajali sana, walizoea kutafutana wenyewe, kuazimana santuri, kunakiliana kanda, na kuchapa vijarida vyao kwa mashine za kurudufia, humo wakibishana juu ya maana ya ubeti mmoja kana kwamba urithi unagawanywa. Hawa wa barazani kwangu ni wajukuu wa wale.

Na kazi yao, wallahi, ni kazi ya kitabu. Bw. Smith ni msomaji, na nyimbo zake nyingi zina mlango wa nyuma unaofunguka katika maktaba. "Charlotte Sometimes" ya 1981 imechukua jina na kisa chake katika riwaya ya watoto ya Penelope Farmer iliyotoka 1969, ambamo msichana huamka asubuhi akajikuta yu msichana mwingine katika mwaka 1918. "How Beautiful You Are" ya 1987 imetoka katika kisa kifupi cha mshairi Mfaransa Baudelaire: bwana na bibi wameketi mkahawani Paris, maskini mmoja na wanawe wamesimama nje wanaukodolea macho mkahawa ule mzuri, na bibi yule, badala ya kuona haya, anachukizwa na macho yao. Hata wimbo wa kwanza wa albamu hii ya juzi, "Alone", umetokana na shairi la Ernest Dowson. Mpwa wangu amevisoma vyote hivi kwa sababu ya nyimbo. Mwalimu gani wa fasihi angeweza kumfanya hivyo?

Basi tulikuwa katika furaha hiyo siku vijana walipofikia Standing on a Beach. Huu ni mkusanyo wa nyimbo zilizotoka katika santuri ndogo ndogo za bendi, uliochapishwa 1986, na juu ya jalada lake pana uso wa mzee mvuvi uliokunjamana kwa jua na chumvi; mtu angedhani amepigwa picha Shela au Gazi. Nyimbo zimepangwa kwa mfuatano wa miaka, kwa hiyo wa kwanza kabisa ni ule wa kwanza wa bendi, ule wa Desemba 1978. Jina lake ni "Killing an Arab".

Mamangu alikuwa ameketi mlangoni anachambua mchele. Kizungu chake si kingi, lakini neno la mwisho halikumpita. Akauliza maana, na mpwa wangu, kwa kuwa hajui kumdanganya bibi yake, akamwambia: kumuua Mwarabu.

Ungo ukawekwa chini.

"Amewakosa nini?" akauliza.

"La, bibi, si hivyo. Wimbo wenyewe haumchukii Mwarabu. Umetoka kitabuni. Ni kisa cha mtu aliyeua ufuoni bila ya sababu."

"Na huyo aliyeuawa ni nani? Jina lake nani? Mwana wa nani?"

Mpwa wangu akanitazama mimi. Nami nilikuwa nimekisoma kitabu hicho zamani, na jawabu sikuwa nalo, kwani kitabuni halimo.

Kitabu ni L'Étranger cha Albert Camus, kilichotoka 1942. Camus alikuwa Mfaransa aliyezaliwa Algeria mwaka 1913, wakati nchi ile ilipokuwa chini ya Ufaransa, na alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1957. Shujaa wake, kama anastahili kuitwa shujaa, ni Meursault, karani wa Algiers, mtu asiyeguswa na jambo. Mamake amekufa na yeye hakulia. Siku moja ufuoni, katika jua kali, anakutana na Mwarabu mwenye ugomvi na rafiki yake. Mwarabu anachomoa kisu, jua linametameta juu ya chuma, na Meursault anafyatua bastola. Risasi moja, kisha kituo, kisha nne nyingine juu ya mwili uliokwisha kulala. Anahukumiwa kifo, lakini katika kesi yenyewe habari ya marehemu haitajwi sana. Kinachomponza ni kwamba hakulia katika mazishi ya mamake. Muuaji tunamjua jina, kazi, chakula na mchumba wake. Aliyekufa ni "Mwarabu" tangu mwanzo hata mwisho.

Bw. Smith alikisoma kitabu hicho akiwa mwanafunzi, akakifupisha katika wimbo wa dakika mbili na nusu hivi: mtu amesimama ufuoni na silaha mkononi, anatazama bahari, anatazama mchanga, na kwake kuua au kugeuka aende zake ni mamoja. Kwa kukamilisha mambo, gita likapigwa kwa mtindo ambao Wazungu hudhani ni wa Mashariki. Alikuwa na miaka 19 santuri ilipotoka. Mwenyewe amesema mara nyingi kwamba alitaka tu kuonyesha moyo ule mtupu wa Meursault, na kwamba alipoutunga hakudhani utasikiwa na mtu zaidi ya rafiki zake wa shuleni. Mimi namsadiki. Aliyeusikiliza wimbo mpaka mwisho hawezi kusema kwamba muuaji yule anasifiwa.

Lakini ni wangapi husikiliza mpaka mwisho? Uingereza ya miaka ile ilikuwa na chama cha National Front, chenye kuwachukia wageni na watu weusi, na haukupita muda vijana wa mrengo huo wakaanza kuonekana katika maonyesho ya bendi, wameusikia wimbo kwa jina lake tu na jina limewatosha. Hawakuwa wamemsoma Camus. Hawakumhitaji.

Marekani mambo yalikuwa mazito zaidi, na hapa namwomba msomaji azitazame tarehe. Mnamo 11 Oktoba 1985, Alex Odeh, mkuu wa ofisi ya pwani ya magharibi ya kamati ya Waarabu wa Marekani ya kupinga ubaguzi, ile iliyoanzishwa 1980 na aliyekuwa seneta James Abourezk, alifungua mlango wa ofisi yake mjini Santa Ana, California, na bomu likamlipukia. Alikuwa Mpalestina na alikuwa Mkristo. Waliotega bomu hawakuuliza dini. Aprili 1986 ndege za Marekani zikapiga Tripoli na Benghazi. Mwezi uliofuata, Mei, ukaingia madukani mkusanyo wenye "Killing an Arab" juu kabisa ya orodha, nao ukanunuliwa nchini humo kwa nakala zaidi ya milioni moja.

Watangazaji wengine wa redio wakaanza kuupiga wimbo huo kwa kejeli, kama kwamba ni nyimbo ya vita. Kamati ile ile iliyokuwa imemzika Odeh ikasimama. Ilitaka wimbo uondolewe. Baada ya mashauriano, mapema mwaka 1987 wakapatana: bendi haikuuondoa, lakini kila nakala itakayouzwa ibandikwe karatasi juu ya jalada yenye kusema kwamba wimbo hauna ubaguzi, kwamba unalaani chuki na jeuri itokanayo nayo, na kwamba bendi inawashutumu wanaoutumia kuwachochea watu dhidi ya Waarabu. Zaidi ya hayo, Bw. Smith akaziomba redio ziache kuupiga. Ni wanamuziki wachache sana walioomba wimbo wao usipigwe redioni, na kwa hilo nampa heshima yake.

Hapa ndipo mimi na mpwa wangu tulipoachana njia.

Yeye na mmoja katika wenziwe walisema kwamba mambo yamekwisha: mtunzi ameeleza, karatasi imebandikwa, asiyefahamu kosa lake. "Mjomba, kama mtu hajasoma kitabu, mtunzi afanye nini?" Ni hoja ya msomi, na ina utamu wake, kwani inamfanya mwenye kusoma aone kwamba wimbo ni wake yeye, na wengine ni wageni.

Nikamwuliza kama amesahau arusi za kwao. Sisi watu wa pwani tumelelewa katika mafumbo. Mwimbaji wa taarabu husimama akaimba habari ya nazi, au ya chombo kilichokwenda mrama, au ya paka mwizi, na ukumbi mzima unajua nani amepigwa. Mwanamke huinuka na noti yake mkononi, akapita mbele ya mbaya wake makusudi, akamtunza mwimbaji. Kesho yake mwimbaji akiulizwa atasema, "Mimi sikumtaja mtu, nimeimba habari ya nazi." Nani amewahi kumsadiki? Kwetu mtunzi hana haki ya kuwa peke yake shahidi wa maana ya wimbo wake. Maana hufanywa ukumbini, baina ya aliyeimba, aliyetunza na aliyepigwa. Na aliyepigwa hahitaji kusoma kitabu ili ajue kwamba ameumia.

Fumbo la Bw. Smith lilikuwa na ufunguo, nao ni Camus. Katika chumba cha vijana wa Crawley wenye kitabu kile kile mkobani, ufunguo ulikuwa mikononi mwa wote. Wimbo ulipotoka chumbani, ufunguo ukabaki nyuma. Karatasi ile ya 1987 ilikuwa ni jaribio la kuufungia ufunguo shingoni mwa wimbo, lakini karatasi hubaki juu ya jalada, na wimbo hupita hewani bila ya jalada. Kijana wa Kiarabu katika shule ya Marekani aliyeimbiwa kichwa cha wimbo ule na wenziwe uwanjani asingeweza kuwaonyesha karatasi.

Rafiki mwingine wa mpwa wangu, yule mkimya, akasema yeye ameufuta katika simu yake. Hakutoa hotuba. Alisema tu kwamba babu yake mzaa baba alitoka Hadhramaut, na kwamba hawezi kuukariri ubeti wa namna hiyo akapita mbele ya picha ya babu ukutani. Hilo nalo nililiona lina uzito kuliko hoja zetu sote. Mwarabu katika magazeti ya Ulaya ni habari. Kwetu ni mwenye duka la halua, ni shemeji, ni jina la ukoo katika cheti cha nikaha.

Bw. Smith mwenyewe hakutulia na jambo hili. Mkusanyo wa Greatest Hits uliotoka Novemba 2001, miezi miwili baada ya mashambulio ya New York na Washington, haukuutia wimbo huo. Mwaka huo huo alisema kwamba kama kuna kitu kimoja angelipenda kukibadili, ni jina. Baadaye akalibadili kweli, jukwaani: mwaka 2005 akaimba kumbusu Mwarabu badala ya kumuua, halafu akaimba kumuua mwingine, bila ya kusema ni nani, na mwaka 2011 akaimba kumuua Ahab, yule nahodha mwenda wazimu wa riwaya ya Melville ya mwaka 1851. Mashabiki wameyahesabu mabadiliko haya yote, wanayajua kwa tarehe na viwanja, na kila moja lina watetezi wake. Kwangu mimi busu ni mzaha wa kujitoa lawamani, na Ahab ni mchezo wa msomi. Lile la "mwingine" ndilo lililonitatiza, maana humfanya aliyeuawa azidi kupotea. Kwanza alikosa jina, sasa amekosa hata kabila.

Nikakumbuka "Kijiti" cha Siti binti Saad. Ni wimbo wa mauaji pia, uliotoka Zanzibar ya wakoloni, habari ya mwanamke aliyekuja kutoka Dar es Salaam akauawa. Lakini tazama alivyofanya Siti: aliyebebeshwa wimbo ni muuaji. Kijiti ndilo jina la mwuaji, limetajwa, likaimbwa mpaka mtoto mdogo alijue, na masikitiko yote yakaachwa upande wa marehemu, na lawama nyingine zikaenda kwa hukumu iliyowaangukia wasiostahili. Msikilizaji hapewi nafasi ya kusimama mahali pa muuaji akastarehe. Katika wimbo wa Bw. Smith hana mahali pengine pa kusimama. Anatazama kwa macho ya mwenye bastola kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Sisemi kwamba ni kosa la sanaa. Camus alifanya hivyo kwa makusudi, na wimbo umemfuata kwa uaminifu. Ninasema kwamba uaminifu huo una gharama, na aliyeilipa hakuwa mtunzi.

Katika mabishano yote ya mashabiki niliyosimuliwa barazani, na ni mengi, utasikia habari ya Camus, ya falsafa ya upuuzi wa maisha, ya National Front, ya ile karatasi, na ya kama gita lile ni la Kiarabu au la Kihindi. Swali la mamangu hulisikii. Huyo aliyeuawa ni mwana wa nani?

Alikuja mtu akalijibu, naye ni Mwalgeria. Mwaka 2013 Bw. Kamel Daoud alichapisha mjini Algiers riwaya iitwayo Meursault, contre-enquête, ambayo mwaka 2015 ilipata tuzo ya Goncourt ya riwaya ya kwanza huko Ufaransa. (Bw. Daoud ana maneno mengine juu ya dini ambayo wengi wetu hatuwezi kuyakubali, na si hapa pa kuyajadili.) Katika riwaya hii mzee mmoja aitwaye Harun ameketi katika baa mjini Oran anasimulia kwamba yule Mwarabu wa ufuoni alikuwa kakaye. Alikuwa na jina: Musa. Alikuwa na mama, na mama yule alikaa miaka na miaka akimtafuta mwanawe katika vipande vya magazeti, asijue hata kusoma. Musa na Harun, ndugu wawili. Hakuna mtoto wa chuoni asiyejua majina hayo yametoka wapi, na nani kati yao alikuwa msemaji wa mwenziwe.

Mpwa wangu alikipata kitabu hiki kwa tafsiri ya Kiingereza, akakimaliza kwa siku mbili. Wimbo hajaufuta. Anasema akiusikia sasa humsikia mtu wa pili ndani yake, na hajui kama hilo ni zuri au baya. Wenziwe wamegawanyika: mmoja anataka wasikilize albamu zote isipokuwa wimbo ule, mwingine anasema basi na albamu zenyewe zina haja gani, na yule mkimya amerudia Disintegration, ambayo asema haimdai kitu.

Usiku wa kuamkia safari yake ya kurudi Nairobi, mamangu akamtaka amsimulie kisa cha kitabu kile tangu mwanzo. Akamsimulia chote, na bibi akasikiliza bila ya kumkatiza. Alipokwisha akauliza kama mwili ulipatikana.

"La, bibi. Haukuonekana. Kaburi walilichimba, wakalizika tupu."

Mamangu akakaa kimya kidogo, kisha akauliza kama walimswalia swala ya ghaibu.